Kati ya Zaire na Tanzania, nani alisaidiwa?



Hapa Kolwezi, wenye diploma wawili watatu wakikaa pamoja na mazungumzo yakaingia kwenye maendeleo, haichelewi kufika Tanzania. Mmoja atasema: «Tanzania bo beko na bahati, bazungu na bachina balibasaidia, shiye balitusahau.» Mwingine atampinga: hapana, na sisi tulipewa mamilioni, ila wakubwa walikula. Hayo maneno yote mawili nimeyasikia mara nyingi, na yote mawili yana upungufu uleule. Yanahesabu pesa bila kuuliza ilikuwa pesa ya aina gani, na nani alikuwa na haki ya kuikataa.

Nataka tulinganishe Zaire ya zamani na Tanzania kwa kuanzia na vitu viwili vilivyojengwa karibu wakati mmoja, vyote viwili kwa ajili ya shaba. Kimoja tunacho hapahapa: ile laini kubwa ya umeme inayotoka Inga, kule karibu na bahari, na kuishia kwenye kituo cha Kolwezi. Cha pili ni reli ya TAZARA, kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, Zambia. Laini ina urefu wa kilomita 1,700 hivi, reli ina kilomita 1,860. Zote mbili katika vitabu vya zamani zinaitwa «msaada». Ndilo neno lenyewe linalotupoteza.

Tuanze na reli, maana ndiyo ilitangulia. Zambia ilipata uhuru mwaka 1964, na karibu shaba yake yote ilipita kusini, kwenye nchi zilizotawaliwa na walowezi na Wareno. Ian Smith alipojitangazia uhuru wake huko Rhodesia, Novemba 1965, njia hiyo ikawa kama kamba shingoni. Kaunda na Nyerere walitaka reli ya kwenda Dar es Salaam. Benki ya Dunia ilikuwa imeshalitazama wazo hilo mwaka 1964 na kusema halina faida. Wakubwa wa Magharibi wakasitasita. China ikakubali. Mkataba wa kwanza ulitiwa sahihi Beijing Septemba 1967, kazi ikaanza Oktoba 1970, treni zikaanza kupita mwaka 1975, na Julai 1976 reli ikakabidhiwa rasmi kwa nchi mbili. Mkopo ulikuwa yuan milioni 988, bila riba hata franga moja, kulipwa kwa miaka 30. Wachina zaidi ya 60 walikufa kwenye kazi hiyo, na makaburi yao yapo Gongo la Mboto, nje kidogo ya Dar es Salaam.

Msidhani ilikuwa sadaka. China ya wakati ule ilikuwa maskini, ilikuwa imegombana na Urusi na Marekani kwa pamoja, na ilitafuta marafiki Umoja wa Mataifa. Ilipata: mwaka 1971 ilikaa kwenye kiti chake kule New York kwa kura nyingi za Afrika. Tena gharama za ndani, kama mishahara ya vibarua, zililipwa kwa sehemu kubwa kwa kuuza bidhaa za Kichina madukani mwa Tanzania na Zambia, watu watake wasitake. Hata hivyo masharti yaliandikwa na yalijulikana: deni hili, riba sifuri, mali ni ya nchi mbili.

Sasa tuje kwetu.

Kwa umeme, Katanga haikuwa na njaa. Union Minière ilijenga Mwadingusha kwenye mto Lufira mwaka 1930, halafu Koni, halafu ikaja kwenye Lualaba: baraji ya Nzilo, wakati ule ikiitwa Delcommune, mwanzoni mwa miaka ya 1950, yenye megawati 108, na baadaye Nseke, iliyoitwa Le Marinel, yenye megawati 248. Mnamo 1956 umeme wa Katanga ulikuwa unavuka mpaka hadi Kitwe, kuwasaidia wachimbaji wa Rhodesia ya Kaskazini waliokuwa bado wanaingoja Kariba. Yaani sisi ndio tulikuwa tunauza. Na chini ya Nseke, kwenye mto uleule, maporomoko ya Busanga yalikuwa bado hayajaguswa.

Kwa nini basi, mwaka 1973, serikali ya Kinshasa ikaweka sahihi ya kuleta umeme kutoka umbali wa kilomita 1,700?

Sababu iliyotangazwa ilikuwa ya uchumi. Bei ya shaba ilikuwa juu, Gécamines ilitaka kupanua uzalishaji, na kampuni mpya, Société Minière de Tenke-Fungurume, ilikuwa inajiandaa kufungua mgodi mkubwa kule Fungurume. Inga I ilikuwa imefunguliwa mwaka 1972, Inga II ilipangwa, na umeme huo wote ulihitaji mteja. Sababu ya pili haikutangazwa, lakini kila mtu aliijua. Katanga ilikuwa imejitenga kuanzia Julai 1960 mpaka Januari 1963, na Mobutu hakusahau. Mgodi unaopata umeme wake kutoka mtoni pembeni unaweza kujitegemea. Mgodi unaopata umeme kutoka Bas-Zaïre una swichi iliyo mikononi mwa mwingine. Mtaalamu wa siasa Mbelgiji, Jean-Claude Willame, aliandika kitabu kizima juu ya Inga mwaka 1986, na hoja ya siasa imo ndani yake pamoja na hoja ya faida za makampuni.

Nani alilipia? Hapa ndipo tofauti na TAZARA inaonekana wazi. Pesa nyingi ilitoka kwa Export-Import Bank ya Marekani pamoja na mabenki binafsi. Export-Import Bank si shirika la kusaidia maskini. Ni benki ya serikali iliyowekwa kusaidia makampuni ya Marekani kuuza nje. Inakupa mkopo ili ununue kwake. Mjenzi wa laini alikuwa Morrison-Knudsen, Mmarekani. Vifaa vya kubadilisha umeme vilitoka General Electric na ASEA ya Uswidi. Pesa haikuchelewa sana Kinshasa, ilirudi kwa wenyewe kwa njia ya kandarasi. Kilichobaki Zaire ni nguzo na deni. Na deni hilo lilikuwa na riba.

Nimesoma watu wanaoweka pesa hiyo kwenye jedwali moja na ruzuku za Uswidi kwa shule za Tanzania, halafu wanasema: tazama, Zaire ilipata zaidi. Hesabu ya namna hiyo ni sawa na kusema jirani aliyenikopesha pikipiki yake kwa riba na jirani aliyenipa unga wote wamenisaidia, na wa pikipiki ndiye mwema zaidi kwa sababu pikipiki ni ghali.

Mambo yaliharibika hata kabla nguzo hazijafika Shaba. Mwaka 1974 bei ya shaba ilikuwa juu sana, mwaka uliofuata ilikuwa imeanguka vibaya. Agosti 1975 vita vya Angola vikafunga reli ya Benguela, njia yetu fupi ya baharini. Mwanzoni mwa 1976 mradi wa Tenke-Fungurume ukasimamishwa. Yaani mteja mkubwa wa laini akaondoka wakati laini yenyewe bado inajengwa. Zaire ikashindwa kulipa. Juni 1976 ilikwenda mara ya kwanza Paris kuomba wadai wake wa kiserikali wasogeze tarehe, na mwaka huohuo mabenki binafsi, Citibank ikiwa mbele, yalikaa nayo London. Mtu wa kawaida akiona mteja wake wa kwanza amekimbia, angesimamisha ujenzi. Hapa hapana. Kusimamisha kungemaanisha makampuni kupoteza kandarasi, na Export-Import Bank kukiri kwamba mkopo wake umeharibika. Mikopo mingine ikaongezwa ili ile ya kwanza isionekane imekufa. Laini ilikamilika mwaka 1982, kwa gharama iliyopita mbali sana makadirio ya mwanzo.

Na kuna jambo la ufundi ambalo nafikiri kila mwanafunzi wa Lualaba angepaswa kulijua. Umeme wa nyumbani mwetu hubadilisha mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, na kwa sababu hiyo transfoma ndogo juu ya nguzo inaweza kuupunguza nguvu na kuuingiza kijijini. Umeme wa Inga unasafiri kwa mkondo mmoja usiobadilika, kwa volti 500,000. Ni njia nzuri kwa safari ndefu, maana hupotea kidogo. Lakini huwezi kuukata katikati kwa transfoma. Ili kijiji kimoja cha Bandundu au Kasaï kiupate, ungejenga kituo kizima cha kubadilisha, kitu cha mamilioni. Hivyo laini iliyokuwa ndefu kuliko zote duniani wakati ule ilipita juu ya vichwa vya watu kilomita mamia kwa mamia, na wao chini wanawasha koroboi. Baadaye vyuma vya nguzo vikaanza kufunguliwa na kuibwa, na SNEL ikalalamika miaka mingi juu ya wizi huo. Wizi ni wizi, mimi siutetei. Ila sioni ajabu kwamba kilichomfikia mwanakijiji kutoka laini hiyo kilikuwa chuma chake tu.

Reli haiwezi kupita juu ya vichwa vya watu. Inasimama. TAZARA ina stesheni karibu 150, na mwanahistoria Mmarekani Jamie Monson, ambaye alizunguka vijiji vya bonde la Kilombero na kuandika kitabu mwaka 2009, anaonyesha jinsi treni ya kawaida ya abiria ilivyogeuka kuwa soko linalotembea: mchele wa Ifakara na Mlimba unapanda kwenda mbali, bidhaa nyingine zinashuka. Reli iliyojengwa kwa ajili ya shaba ya Zambia ikawalisha wakulima wa Tanzania. Hilo halikuwa lengo kuu la mtu yeyote Beijing.

Nisije nikaifanya TAZARA malaika. Ilipangwa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka. Miaka yake bora kabisa, mwisho wa miaka ya 1970, ilifika kama milioni moja na laki mbili, na baadaye ikashuka sana. Injini za kwanza za Kichina zilichoka kwenye mlima kati ya Mlimba na Makambako. Bandari ya Dar es Salaam ikajaa mizigo. Oktoba 1978 Kaunda akaona aibu afadhali kuliko njaa, akafungua tena mpaka wa kusini na Rhodesia ili mbolea ya wakulima wake iingie. Reli ya ukombozi ilikuwa na miaka mitatu tu.

Mwaka huo, 1978, naona ndio unaotofautisha nchi mbili hizi kuliko jedwali lolote la takwimu.

Mei 1978 wapiganaji wa FNLC waliingia Kolwezi. Wazee wetu wanajua zaidi kuliko vitabu kilichofuata; watu mamia walikufa, weusi na weupe. Tarehe 19 Mei askari wa Jeshi la Kigeni la Ufaransa walishuka kwa miavuli juu ya mji, Wabelgiji wakafuata, na ndege za Marekani zikasaidia kubeba. Mwaka mmoja kabla, katika vita vya kwanza vya Shaba, askari wa Moroko walikuwa wameletwa kwa ndege za Ufaransa. Serikali iliyokuwa imeshindwa kulipa madeni yake ililindwa ndani ya siku chache. Oktoba mwaka huohuo, Idi Amin alivamia Kagera. Tanzania haikuteremshiwa mtu kwa mwavuli. Ilipigana vita vile kwa mfuko wake, vikaigharimu mamia ya mamilioni ya dola, na mwaka 1979 ilipokwenda IMF kutafuta nafuu iliambiwa ishushe thamani ya shilingi na ibane matumizi. Nyerere alikataa. Nchi ikakaa bila mkataba wa maana na IMF mpaka 1986, wakati Mwinyi ameshachukua nafasi yake. Miaka hiyo ilikuwa ya foleni za sabuni na sukari, kila Mtanzania mwenye umri atakuambia.

Nyerere huyohuyo, Juni 1978, aliwaita mabalozi Dar es Salaam na kuwaeleza wazi anavyofikiri juu ya wakubwa wa nje kuingiza majeshi Afrika kwa kisingizio cha Kolwezi. Alikuwa na uwezo wa kusema hivyo kwa sababu alikuwa ameshazoea kupoteza. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilimwondolea msaada wa kijeshi kwa sababu ya ubalozi mdogo wa Ujerumani Mashariki, naye akaiambia iondoe na ule mwingine. Desemba mwaka huohuo alivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni saba na nusu ukagandishwa. Halafu Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, lililosema kwamba nchi maskini haiwezi kuweka pesa ya wageni kuwa msingi wa maendeleo yake.

Na hapa historia inacheka. Baada ya Azimio la kujitegemea, misaada ilimiminika. Uswidi, Denmaki, Norwe, Ufini, Uholanzi, Kanada, Benki ya Dunia, wote walikimbilia Tanzania, na kufika mwisho wa miaka ya 1970 nchi iliyosema inajitegemea ilikuwa miongoni mwa zilizopokea misaada mingi zaidi Afrika kusini ya Sahara. Walipenda maneno yake, wakampa pesa, na sehemu kubwa ya pesa ya Waskandinavia ilikuwa ruzuku, yaani hailipwi. Kidatu, umeme wa mto Great Ruaha, ilijengwa kwa pesa ya Uswidi na Benki ya Dunia. Mwaka 1977 elimu ya msingi ilifanywa ya watoto wote.

Mengi pia yalipotea. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili kuuza viatu Ulaya, hakikuwahi kukaribia uwezo wake, na kikafungwa. Maji ya vijijini yaligawanywa kama keki: Ufini ikachukua Mtwara na Lindi, Uswidi mikoa ya Ziwa Victoria, Norwe Rukwa na Kigoma, kila mmoja na pampu zake, vipuri vyake na wataalamu wake. Pampu ikiharibika, fundi wa mkoa jirani hakuijua. Na wakati misaada inaingia, kati ya 1973 na 1976, mamilioni ya wakulima walihamishwa kuingia vijiji vya ujamaa, wengine kwa nguvu, na wafadhili wengi walitazama upande mwingine. Kwa hiyo ndugu anayesema Tanzania ilitumia vizuri kila senti, naye pia aende asome.

Tofauti ninayoiona iko kwingine. Zaire ilikopeshwa kwa sababu ilikuwa tajiri. Shaba na kobalti ya Kolwezi, Kambove na Likasi ndiyo ilikuwa dhamana. Mabenki ya New York na London yaliitazama migodi yetu na kuona kwamba nchi hii haiwezi kushindwa kulipa. Tanzania wakati ule haikuwa na kitu cha kuweka rehani zaidi ya katani, kahawa na pamba. Benki ya biashara haikuitamani. Ilibaki kwa wanaotoa ruzuku na kwa mikopo ya miaka mingi isiyo na riba au yenye riba ndogo. Utajiri wetu ndio uliotufungulia mlango wa deni baya, na umaskini wao ukawafungulia mlango wa msaada wa kweli. Ukiongeza kwamba Mobutu alikuwa mtu wa Magharibi katika vita baridi, na mpaka mrefu na Angola, unapata mteja ambaye hakuna anayemwuliza maswali.

Ushahidi mzuri ni ripoti mbili. Mwaka 1978 IMF ilimweka Mjerumani, Erwin Blumenthal, ndani ya Benki ya Zaire ili asimamie pesa. Alidumu mwaka mmoja hivi. Mwaka 1982 akaandika alichokiona: familia ya rais na watu wake wanachota, na wakopeshaji wasitegemee kurudishiwa pesa yao. Ripoti ilivuja, ikasomwa na kila mhusika. Mikopo ikaendelea kuja. Waliokopesha walijua.

Ripoti ya pili ni ya Tanzania. Mwaka 1994 wafadhili walikuwa wamegombana na serikali ya Mwinyi juu ya kodi zilizosamehewa matajiri, misaada ikasimamishwa. Denmaki ikalipia kundi la wachunguzi huru, Mkanada Gerald Helleiner akiwa kiongozi. Mwaka 1995 kundi hilo likasema serikali ina makosa, na wafadhili pia wana makosa: wanaamua kila kitu wao, halafu wanalaumu kwamba nchi haijisimamii. Pande zote mbili zikakaa chini na kukubaliana namna mpya ya kufanya kazi. Kwa mtu wa Zaire ya wakati ule, wazo la mfadhili kuchunguzwa kwa niaba ya nchi inayopokea lilikuwa kama hadithi za sungura.

Kwetu msaada ulikoma kwa namna nyingine. Ukuta wa Berlin ulianguka Novemba 1989. Usiku wa 11 kuamkia 12 Mei 1990 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walishambuliwa na kuuawa kwenye kampasi. Ubelgiji ilidai uchunguzi wa kimataifa, ushirikiano ukavunjika, na mwaka huohuo Bunge la Marekani likabana msaada wake. Wanafunzi hawakuwa wa kwanza kuuawa chini ya utawala ule. Ila safari hii hakukuwa tena na vita baridi ya kuwalipia wauaji. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, na Gécamines, iliyokuwa ikitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ikashuka chini ya 50,000 ndani ya miaka michache. Laini ya Inga ilikuwa na nafasi nyingi tupu wakati huo.

Deni halikushuka. Tanzania ilisamehewa Novemba 2001, kiasi cha dola bilioni 3 kwa mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa. Sisi tulingoja mpaka Julai 2010, na kilichofutwa kilikuwa dola bilioni 12.3. Sehemu kubwa yake ilikuwa mikopo ya enzi za Mobutu pamoja na riba na adhabu zilizozaliana wakati nchi iko vitani. Mtoto aliyezaliwa Kolwezi mwaka laini ilipofunguliwa alikuwa na miaka 28 deni hilo lilipofutwa.

Na hata huko kufutwa kulikuwa na mlango wake. Mwaka 2008 serikali ilikuwa imefanya mkataba na makampuni ya China: wao wajenge barabara na hospitali, walipwe kwa shaba ya Dikuluwe na Mashamba, hapa Kolwezi, kupitia kampuni ya Sicomines. Jumla ilikuwa dola bilioni 9. IMF ikasema, hatufuti deni la zamani mkiwa mnafungua jipya la namna hii. Mwaka 2009 mkataba ukapunguzwa mpaka bilioni 6. Mkono mmoja wa nje ukaushika mwingine, na kati yao ilikuwepo shaba yetu, tena kama dhamana. Machi 2024 mkataba ulirekebishwa, na fedha za miundombinu zikapandishwa hadi bilioni 7.

Leo mambo ya miaka ya 1970 yamerudi karibu yote. Desemba 2024 Rais Biden alikwenda mpaka Lobito kutangaza reli ya kutoka Kolwezi kwenda Atlantiki, ileile ya Benguela. Miezi mitatu kabla, Beijing, marais wa China, Tanzania na Zambia walisimamia sahihi ya kuifufua TAZARA. Shaba inayogombewa na reli hizo mbili kwa sehemu kubwa inatoka chini ya miguu yetu. Mkopo mkubwa wa Wamarekani kwa Lobito umeelekezwa kwa kampuni binafsi inayoendesha reli upande wa Angola. Sisi tukiambiwa «msaada umekuja», maswali ya kuuliza ni mafupi: ni ruzuku au mkopo, riba ngapi, nani anauza vifaa, dhamana ni mgodi gani, na treni itasimama Mutshatsha kubeba mahindi ya watu au itapita tu?

Laini ya Inga yenyewe imekuwa ikikarabatiwa, kwa pesa ya Benki ya Dunia na ya makampuni ya madini, maana sasa migodi ni mingi na umeme hautoshi. Mingine inaununua kutoka Zambia, kule ambako mwaka 1956 tulikuwa tunawauzia sisi. Na Busanga, yale maporomoko yaliyorukwa wakati wa Mobutu, yamejengwa hatimaye. Baraji ina megawati 240, imejengwa na Wachina, na mteja wake wa kwanza ni mgodi wa Sicomines. Kutoka pale mpaka nyumba za Manika zinazokaa usiku bila taa, si safari ya kilomita 1,700.